Mji Uliokataa Kuhitimu

Katika nchi ninayoizungumzia hapa hakuna matatizo. Yalikuwepo zamani, kama kwa watu wengine, lakini Bunge lilikaa likayafuta, na tangu hapo tukawa na changamoto. Baadaye Mkuu wa Nchi aliona kwamba hata changamoto zinawachosha wananchi, akaagiza ziitwe fursa. Kwa hiyo msomaji akikuta nimeandika kwamba mji fulani ulipata fursa kubwa ya kipindupindu, asinishangae. Ndivyo tunavyoandika huku.

Mimi ni afisa uhusiano wa kampuni ya mafunzo na ushauri elekezi ambayo ni kubwa kuliko zote nchini. Nimeagizwa niandike historia yake, tangu ilipoanza hadi ilipofika. Mambo ya mwanzo nitayaeleza kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo. Ya mwisho nimeyaona mwenyewe, maana nilitumwa Lukwale nikiwa na kamera shingoni.

Aliyeianzisha ni Mwalimu Eufrasia Nkondo. Alifundisha uhazili mpaka alipostaafu, na alipostaafu akaona hawezi kukaa nyumbani kutazama ukuta. Akapanga chumba nyuma ya duka la dawa, akamwita mwanafunzi wake wa zamani, Damasi Kilewo, kijana aliyekuwa na suti moja na sauti nzuri. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Nkondo na Mwenzake". Mwalimu alifundisha, mwenzake alitafuta wateja.

Walichofundisha siku hizo kilikuwa kidogo na kinaeleweka. Makarani walifundishwa kuandika barua ambayo anayeisoma anajua ameambiwa nini. Walifundishwa kupanga majalada ili faili likitafutwa lipatikane. Walifundishwa kumwambia mwananchi aliyefika dirishani, "Karibu, nikusaidie nini," na kusubiri jibu kabla ya kwenda kunywa chai. Watu walifundishika. Kuna ofisi mbili tatu za wilaya ambako mpaka leo ukiingia unasalimiwa, na wenyeji hawajui hayo yalitoka wapi.

Kazi yao ya kwanza ya ushauri ilitoka Mamlaka ya Maji ya Lukwale. Huo ndio mji alikozaliwa Mwalimu, na dada yake mkubwa, Teodosia, alikuwa bado anaishi huko na mumewe Pankrasi, fundi baiskeli. Maji yalikuwa yamekatika muda mrefu hata watoto wa Lukwale walidhani bomba ni pambo la ukutani. Wananchi walilalamika, na meneja wa Mamlaka alitaka kujua kitaalamu wanalalamikia nini.

Mwalimu alikwenda. Akamuuliza mhandisi, mhandisi akasema pampu imekufa. Akamuuliza mhasibu, naye akasema pampu imekufa. Mlinzi wa getini, muuza vitumbua wa nje ya geti, na meneja mwenyewe, wote walisema hivyo hivyo. Mwalimu akarudi akaandika ripoti ya mstari mmoja: "Pampu imekufa. Nunueni nyingine."

Meneja aliisoma, akaigeuza aone kama kuna maandishi nyuma.

"Mwalimu," alisema, "hili kila mtu hapa analijua."

"Najua. Ndio walioniambia."

"Sasa sisi tumewaita washauri. Mtushauri jambo tunalolijua?"

"Ulitaka nikushauri nini?"

"Jambo ambalo hatulijui," meneja alisema kwa huzuni. "Jambo la kitaalamu. Hii nikiipeleka Wizarani wataniuliza kwa nini sikununua."

Damasi aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akaomba radhi, akaomba apewe wiki. Aliporudi alikuwa na kitabu kinene kama tofali kilichoitwa "Pengo la Mtazamo katika Mnyororo wa Maji". Humo ilielezwa kwamba maji hayatoki kwa sababu watumishi hawana mtazamo chanya kuhusu kutoka kwa maji, na kwamba dawa yake ni semina. Meneja alikikumbatia kile kitabu kifuani. Wanasema alitokwa na machozi.

Jioni ile Mwalimu alimuuliza mwenzake, "Damasi, pampu iko ukurasa gani?"

"Iko kwenye viambatisho, Mwalimu."

"Viambatisho viko wapi?"

"Vitafuata."

Mwalimu hakupenda. Lakini chumba kilikuwa na kodi, makarani wao wawili walikuwa na watoto, na Damasi alikuwa ameshakodi ukumbi. Alisema tufanye hii moja, ijayo tutafanya ya kweli. Watumishi wa maji wa Lukwale wakapelekwa hoteli moja ya milimani yenye baridi nzuri, wakapewa fulana na vitambulisho vya shingoni, wakacheza michezo ya kuchangamshana, wakaandika kwenye bango kitita neno MAJI kwa kalamu za rangi nne. Walirudi Lukwale wakiimba. Mji mzima ulitoka kuwatazama wakishuka kwenye basi, na kila aliyetoka alikuwa na ndoo mkononi, tupu.

Tangu hapo kampuni haikulala njaa. Wizara nyingine zilisikia kwamba kumbe inawezekana. Ukiwa na reli iliyooza huhitaji kununua mataruma, unahitaji kuwajengea uwezo abiria. Walimu wasio na madawati walifundishwa mkao. Wazimamoto wa mji mkuu walikuwa kwenye warsha yetu ya "Kuitikia kwa Wakati", simu zao zimezimwa kama kanuni za ukumbi zinavyotaka, siku soko kuu lilipoungua. Wiki iliyofuata tuliwafundisha wafanyabiashara wa soko hilo jinsi ya kuliona jivu kama mtaji. Walikaa wamenyamaza muda wote, na mwezeshaji aliandika kwenye taarifa yake kwamba washiriki walikuwa wasikivu sana.

Kisha ikatungwa Sheria ya Mafunzo Kwanza, inayosema kwamba hakuna ofisi ya umma itakayofanya jambo lolote kabla watumishi wake hawajafundishwa kulifanya. Na kwa kuwa mafunzo hayakuwa na mwisho, mambo nayo yakapumzika. Ikaundwa Wizara ya Kujenga Uwezo. Siku ya kuizindua, Mheshimiwa Waziri alitoa hotuba ambayo sisi tunayo ukutani mpaka leo.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wa nje wamejenga madaraja. Sisi tumejenga uwezo wa kujenga madaraja. Daraja huvunjika. Uwezo hauvunjiki, kwa sababu hauonekani. Na ninatamka leo, mbele ya vyombo vya habari, kwamba katika awamu hii hakuna mshiriki atakayeachwa nyuma. Kozi haitafungwa mpaka mshiriki wa mwisho amefaulu."

Makofi yalipigwa mpaka mahema yakatikisika. Kesho yake maneno hayo yakawa kanuni, maana huku Waziri akitamka kitu hakirudi.

Sisi tulihamia ghorofani. Kibao cha "Nkondo na Mwenzake" kikashushwa, tukaitwa Upeo wa Kilele. Damasi akawa Mkurugenzi Mtendaji, halafu akateuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Wizara hiyo mpya, akabaki na kampuni kwa mapenzi tu. Mwalimu Eufrasia alipewa cheo cha Mwenyekiti Mwasisi na chumba cha juu kabisa chenye zulia. Hakuwa na kazi. Mara moja moja kwenye mikutano alinyanyua mkono akauliza ile pampu ya Lukwale imefikia wapi, na wajumbe wote walisimama wakampigia makofi ya heshima, kisha wakaendelea na ajenda.

Ndipo Lukwale ikapata ile fursa niliyoitaja mwanzoni.

Watu walikuwa wakichota kwenye bwawa la machimbo ya zamani, pamoja na ng'ombe. Masika yalipochafua bwawa, wakaanza kuharisha na kutapika, wakubwa kwa wadogo. Wizara ilichukua hatua za haraka, ikatupa sisi kazi ya kuwafundisha wananchi wa Lukwale mada inayoitwa "Kiu kama Fursa". Wawezeshaji wetu vijana hawakutaka kwenda. Mwalimu alisema atakwenda yeye, apate na kumwona dada yake.

Alikuta ukumbi umejaa. Akatafuta uso wa Teodosia hakuuona. Baada ya salamu na wimbo wa kuchangamsha, alimwachia msaidizi kalamu akaenda nyumbani kwa miguu.

Pankrasi alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Alikuwa mtu wa utani, aliyezoea kumwita shemeji yake "Serikali". Siku hiyo alimtazama akafumba macho. Midomo ilikuwa imepasuka. Teodosia alikuwa amekaa chini akimlowanisha kwa kitambaa, na kwenye beseni lake kulikuwa na yale yale maji ya bwawa.

"Zahanati je?" Mwalimu aliuliza.

"Imefungwa. Wauguzi wako semina."

"Semina ya nini?"

"Mimi nitajua wapi? Si zenu?"

Kutoka ukumbini yalisikika makofi, yale ya mtindo, mawili ya haraka na moja la kuvuta. Teodosia alikamua kitambaa.

"Huko unafundisha nini, Eufrasia?"

"Mambo ya maji."

"Yameletwa?"

"Hapana."

"Sasa unafundisha nini?"

 Mwalimu alikaa chini kwenye vumbi na suti yake ya ofisi, akachukua upande wa pili wa kitambaa. Pankrasi alifariki kabla makofi hayajaisha. Baada ya mazishi Teodosia hakumlaumu mdogo wake hata kwa neno. Alimwambia tu asiondoke na lile beseni, kwa sababu hakuwa na lingine.

Wengi wetu tulitegemea Mwalimu ataacha kazi. Badala yake alikwenda moja kwa moja Wizarani, akaingia kwa Damasi bila kupitia kwa katibu muhtasi wake.

"Nataka pampu," alisema.

"Mwalimu wangu, pole sana kwa msiba. Pampu haina kasma kwenye bajeti. Ningekuwa nayo ningekupa."

"Wizara yako ina kasma gani?"

"Ya mafunzo. Hiyo haiishi. Tukiimaliza tunaongezewa."

"Vifaa vya kufundishia vinaingia humo?"

"Vyote. Mabango kitita, kalamu, projekta. Havina kikomo."

Mwalimu alifungua mkoba akatoa miwani. "Basi andika. Kozi ya vitendo kwa wananchi wa Lukwale. Mada, Utokaji wa Maji. Washiriki, mji mzima. Kifaa cha kufundishia, pampu moja, na mabomba yake."

 Mimi simjui vizuri Damasi, nimemwona zaidi jukwaani. Lakini katibu muhtasi wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema bosi wake alishika kalamu akaiweka chini, akaishika tena, kisha akatia saini haraka kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

Pampu ilifika Lukwale ikiwa na bango la chuma limekazwa ubavuni: MALI YA WIZARA. KIFAA CHA KUFUNDISHIA. KIRUDISHWE KOZI IKIFUNGWA. Siku ilipowashwa, bomba la sokoni lilikohoa, likatema matope, likatema kutu, halafu likatoa maji. Hakuna aliyeshangilia. Wanawake walipanga foleni kimya kimya kama watu walio kanisani. Mzee mmoja alichota kwenye kiganja, akanusa, akayamwaga, akachota tena.

Kwa kuwa ilikuwa kozi, taratibu zilifuatwa. Kila aliyekuja na ndoo alitia saini mahudhurio. Waliokuja mara mbili waliandikwa kuwa washiriki wenye bidii. Zahanati ilibaki imefungwa, lakini baada ya muda hakukuwa na wa kuipigia hodi. Mwalimu alihamia kwa dada yake, na kila mwezi alituma taarifa mjini kwamba mafunzo yanaendelea vizuri na washiriki bado hawajaelewa.

Wizara ilivumilia kwa muda, halafu ikaanza kuuliza. Mbona wenzao wa reli walielewa kwa siku tatu? Mkaguzi akaandika kwamba kozi ifungwe, washiriki wafanye mtihani, na pampu irudi ghalani ambako nafasi yake imeshafagiliwa.

Mwalimu aliwakusanya watu chini ya paa la soko akawasomea.  Aliyesema kwanza ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Anselmi Tarimbo, mtu mkali aliyejulikana kwa kuchapa watoto wanaokosea hesabu.

"Kanuni inasema kozi haifungwi mpaka wa mwisho amefaulu," alisema polepole. "Sasa tukifeli wote?"

Watu walimgeukia Mwalimu Eufrasia. Alikuwa amefundisha tangu ujana wake, na wanafunzi wake aliowafelisha aliwakumbuka kwa majina kwa sababu walimuuma. Alivua miwani akaifuta kwa kanga ya dada yake.

"Mtafeli," alisema. "Nitawafundisha."

Kwa hiyo Lukwale ikafanya mazoezi ya ujinga. Jioni baada ya jioni walikaa sokoni wakiulizana maswali na kutafuta jibu bovu kuliko yote. Mwalimu mkuu Anselmi ndiye aliyepata shida. Mdomo wake ulikuwa umezoea ukweli, ukimuuliza moja na moja ni ngapi, jibu lilimtoka lenyewe. Walimkalisha kati, wakamzoeza mpaka akaweza.

Siku ya mtihani nilikuwepo. Kulikuwa na hema jekundu na bluu, viti vya plastiki, bendi ya magereza, na meza kuu yenye maua. Damasi alikuja kama mgeni rasmi. Kwa kuwa alikuwa na ndege ya kuwahi, mtihani ulifanywa kwa mdomo, mbele ya watu wote. Pembeni yake aliketi Mwalimu Eufrasia kama mkufunzi wa kozi, na mbele yao ulikuwepo mwongozo wa kusahihishia, ulioletwa kutoka Wizarani kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

Anselmi aliitwa wa kwanza. Alisimama wima.

"Mshiriki," Damasi alisema, "maji yanatoka wapi?"

Anselmi alifumba macho. "Maji," alisema, "yanatoka kwa Mheshimiwa Waziri."

Damasi alitazama mwongozo. Akapiga tiki.

"Sahihi."

Niliona uso wa Mwalimu Eufrasia ukibadilika. Alinyoosha shingo akausoma ule mwongozo, na mkono wake ukaenda mdomoni. Lakini watu kule chini hawakuelewa. Walidhani Anselmi, kwa kasoro yake, amejibu kweli.

Akaja muuza vitumbua. "Maji yanatoka kwenye hotuba," alisema kwa furaha ya mtu aliyefeli. Tiki. Akaja kinyozi. Aliulizwa maji yakikatika nani mwenye kosa, akajibu kwamba ni ndoo. Damasi alisoma, akaitikia kwa kichwa. "Sahihi. Ndoo hazijajengewa uwezo." Akaja mama mmoja wa jumuiya ya kanisa akasema kwamba maji ni mtazamo tu, kwa kweli hayapo. Huyo alipewa daraja la juu, na bendi ikapiga.

Hapo watu wakaanza kutazamana. Kila aliyeitwa alijitahidi kuwa mjinga zaidi ya mwenzake, na kila mmoja alifaulu zaidi. Mmoja alilia mbele ya meza, akasema hajui, hajui kabisa chochote. Akaandikiwa kwamba ameonyesha unyenyekevu na utayari. Kule pembeni, madereva wa lori lililoletwa kuchukua pampu walikuwa wameshaanza kulegeza nati zake.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Teodosia, kwa sababu ya miguu yake. Alikuja akiegemea kiti cha mbele yake, kisha kingine. Mwalimu hakuthubutu kumtazama.

"Mama," Damasi alisema kwa upole, "maji yanatoka wapi?"

Teodosia alikuwa amekaa nyuma akisikiliza tangu asubuhi. Sijui alielewa lini.

"Kwenye pampu," alisema. "Ile pale. Hao vijana wanaifungua."

Damasi aliinamia mwongozo. Aliupitia kutoka juu hadi chini, akafunua nyuma.

"Mama, fikiri tena. Usiwe na haraka."

"Na kabla ya hiyo hayakuwepo, kwa sababu ya zamani ilikufa na hamkununua nyingine. Mume wangu alikufa. Andika hilo nalo."

 Damasi alishika kalamu, na kwa mara ya pili katika historia ya kampuni yetu mkono wake ulisita. Kisha akapiga mkasi, ile alama ya kosa.

"Amefeli," alisema, karibu kwa kunong'ona.

Watu wa Lukwale wakainuka wote kwa pamoja, na safari hii walishangilia.

Madereva walikaza nati wakaondoka na lori tupu. Kozi ikaendelea, ikiwa na mshiriki mmoja. Wengine walijaribu kuomba wafelishwe upya, lakini Wizara ilikataa, kwa sababu aliyekwisha kujengewa uwezo habomolewi. Waliendelea kuchota kama wageni waalikwa wa Teodosia.

Kila mwaka Damasi alikuja kumtahini tena, na kila mwaka alipigiwa mkasi. Mji ulimtunza. Walimletea uji wa ulezi, mayai, dawa za mitishamba. Vijana walifagia mawe kwenye njia yake. Lakini mwenyewe hakufurahia.

"Zamani walikuja kupiga soga," alimwambia mdogo wake. "Sasa wanakuja kuniangalia rangi ya macho. Nikikohoa mtaa mzima unanyamaza. Wewe uliona wapi mtu anahesabiwa pumzi na majirani?"

"Wanakupenda, dada."

"Wanapenda maji. Hata mimi nayapenda. Basi tu nimechoka."

Alifariki mwanzoni mwa vuli, usingizini, na kwa uso wake sidhani kama aliumia. Tulikuja na magari mawili. La kwanza lilikuwa la Damasi, likiwa na cheti cha Teodosia kwenye fremu, kwa maana kanuni inasema mshiriki aliyefariki huhesabiwa kuwa amehitimu. La pili lilikuwa lile lori.

Walisubiri mazishi yaishe, hilo lazima niwasifu. Watu walitoka makaburini wakaja wakasimama kuizunguka pampu, bila kelele, wakiwa na nguo za msiba. Mwalimu Eufrasia alipita katikati yao akafika kwenye dirisha la gari.

"Nataka kujiandikisha," alisema.

"Wewe ni mkufunzi, Mwalimu."

"Mkufunzi hana cheti. Angalia rekodi zako. Mimi sijafundwa bado."

Damasi alishuka. Alikuwa amezeeka tangu siku za ile suti moja, na jua lilimfanya akunje uso. "Una miaka mingapi sasa?"

"Themanini inakaribia."

"Na utaishi mingapi, Mwalimu? Mitano? Kumi? Halafu nije tena na lori hili nikuletee cheti?" Aliegemea mlango wa gari. "Mimi nimechoka kuja hapa."

 Mwalimu aligeuka, akamwona mama mmoja kijana aliyesimama mbele na kichanga mgongoni, akamwita kwa mkono.

"Huyu alizaliwa baada ya mtihani," alisema. "Hana cheti. Kanuni yako inamkataza?"

Damasi alifungua kitabu cha kanuni juu ya boneti. Alikisoma chote, na watu walimngoja. Hakikuwa na neno lolote kuhusu umri. Alitoa kalamu akaandika jina la mtoto, na nyuma ya yule mama ikajipanga foleni ya wanawake wenye watoto, na nyuma yao waliokuwa wajawazito, ambao waliambiwa warudi wakishajifungua. Nilipiga picha. Wizara iliipenda, ikaiweka kwenye kalenda na maelezo kwamba nchi yetu ndiyo yenye washiriki wachanga kuliko wote duniani.

Mwaka huu watoto hao wamefikia umri wa kusema, na mtihani unakaribia. Nilikwenda kuwatazama. Mwalimu Eufrasia huwakalisha sokoni karibu na bomba, akawauliza maji yanatoka wapi, nao hujibu kwa pamoja kwamba yanatoka kwenye pampu. Anawafundisha kama alivyofundisha enzi zake, jibu fupi, kichwa juu.

Baada ya kipindi, msichana mmoja, mkubwa kuliko wenzake wote, alibaki nyuma. Anaitwa Felisita.

"Bibi, nikisema kweli nitafeli?"

"Utafeli."

"Na nikifeli maji yatakuwepo?"

"Yatakuwepo."

 Mtoto alikuwa na kikombe cha bati, akayatazama maji yaliyomo.

"Na nikienda shule ya mbali, ya mjini, huko nako nikisema kweli?"

Mwalimu alitazama upande wa barabara, ambako hakukuwa na kitu. Alimfunga mtoto kifungo cha gauni kilichofunguka, akamaliza, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akamwambia anywe maji yake, akacheze.